Senene na Theluji: Mashairi Mafupi ya Majira katika Darasa la Kiswahili

Wasomaji wa kijarida hiki watakumbuka kwamba muhula uliopita wanafunzi wa kozi ya ushairi walipewa zoezi la kutunga mashairi ya mishororo mitatu kuhusu majira, anga na mambo ya kila siku. Mashairi hayo yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara. Kwa wiki kadhaa walimu na wanafunzi walisimama pale, wakahesabu mizani kwa vidole, wakacheka na wakabishana. Sasa ubao umesafishwa na mahali pake pamewekwa ratiba ya mitihani. Tumeona si vyema mashairi yale yaondoke bila neno la uhakiki.

Makala haya yananuia kueleza ni wapi mashairi hayo yalifaulu, ni wapi yalikwama, na ni wapi sisi tuliosahihisha tulikosea. Kama itakavyodhihirika, kosa kubwa zaidi halikuwa la wanafunzi.

Asili ya umbo

Umbo tuliloliiga ni haiku, utungo wa Kijapani wenye vipande vitatu vya mizani 5, 7 na 5. Ikumbukwe kwamba haiku haikuanza kama shairi linalojitegemea. Ilikuwa ubeti wa ufunguzi katika utungo mrefu uliotungwa na washairi kadhaa kwa zamu, kila mmoja akiunganisha ubeti wake na wa mwenzake. Ubeti huo wa kwanza uliitwa hokku, na ulipaswa kutaja majira yaliyokuwapo siku ile washairi walipokutana. Matsuo Bashō (1644–1694) aliupa ubeti huo uzito wa shairi kamili. Baada yake walifuata Yosa Buson (1716–1784), aliyekuwa pia mchoraji, na Kobayashi Issa (1763–1828), mtoto wa mkulima aliyewatungia nzi, viroboto na vyura bila haya. Jina la haiku, kwa maana tunayoitumia leo, lilienezwa na Masaoka Shiki (1867–1902). Shiki alisisitiza kwamba mshairi achore kile anachokiona. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu kilichoingia uti wa mgongo, hawezi kuondoka kitandani, na aliendelea kutunga kutokana na kipande cha bustani kilichoonekana kutoka pale alipolala.

Tunataja historia hii kwa sababu moja. Wanafunzi wengi walidhani kwamba shairi la maumbile lahitaji mlima, bahari au machweo ya ajabu. Shiki alikuwa na bustani ndogo tu, na Issa alikuwa na nzi.

Sifa mbili za umbo hili zinatuhusu hapa. Ya kwanza ni neno la majira. Kila haiku ya kimapokeo hubeba neno moja linalomwambia msomaji ni wakati gani wa mwaka, na Wajapani wana vitabu maalumu vinavyoorodhesha maneno hayo kwa misimu. Ya pili ni mkato. Shairi hukatika mahali pamoja, na picha mbili huachwa zikitazamana bila mtunzi kueleza uhusiano wake.

Mizani haikuwa tatizo

Tulipoanza tulihofu kwamba hesabu ya mizani ingewashinda wanafunzi. Haikuwa hivyo. Kwa hakika Kiswahili kinaipokea hesabu hii kwa urahisi kuliko lugha nyingi za Ulaya. Mjapani huhesabu kwa namna inayokaribiana sana na yetu. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Irabu ndefu huhesabiwa mara mbili, kama sisi tunavyohesabu ta-a au ku-u. Sauti ya n ikisimama peke yake huhesabiwa mizani moja, kama sisi tunavyoihesabu m katika m-to na m-ti. Kwa hesabu hiyo jina la Nippon lina mizani 4, na jina la Tokyo pia lina mizani 4.

Ugumu upo mahali pengine. Kiswahili ni lugha ya maneno marefu. Kitenzi kimoja kama ninapokutazama kina mizani 7, nacho kinatosha kuujaza mshororo wote wa kati. Mtunzi asiyekuwa mwangalifu atajikuta amelitumia shairi zima kusema kwamba anatazama, na kilichotazamwa hakikupata nafasi. Waliofaulu waligundua, bila kuambiwa, kwamba nomino fupi na kitenzi chenye kiambishi kimoja au viwili huacha nafasi ya vitu. Wakaandika lapita, waanguka, wanusa. Wakaacha nafsineni nje ya mlango.

Linganisha pia urefu. Haiku nzima ina mizani 17. Mshororo mmoja wa tarbia ya kawaida una mizani 16. Kwa hiyo mwanafunzi anayetunga haiku anapewa nafasi ya mshororo mmoja tu, pamoja na mizani moja ya ziada. Mwalimu mwenzetu mmoja, anayeipenda arudhi kama tuipendavyo sisi, alisimama mbele ya ubao akasema, “Hizi ni mishororo iliyovunjika. Mashairi yenyewe yako wapi?” Swali lake ni zuri, nasi tutalirudia.

Bahari isiyoonekana

Tuanze na shairi lililopata alama za juu kabisa siku ile.

Kusi yavuma
jahazi linayumba
moyo watweta

Hesabu imetimia. Neno la majira lipo: kusi, upepo wa kusini unaotawala pwani katikati ya mwaka. Mkato upo baada ya mshororo wa pili. Tulilisifu sana. Kisha tukamwuliza mtunzi kama amewahi kuliona jahazi. Akajibu kwa unyoofu, “Ndiyo, Mwalimu. Kwenye jalada la kitabu.”

Hatumlaumu. Msamiati wa majira katika Kiswahili umezaliwa pwani. Kaskazi na kusi ni pepo zilizoongoza safari za vyombo kati ya Arabuni, Bara Hindi na mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Masika, vuli, kipupwe na kiangazi huenda sambamba na pepo hizo. Mwanafunzi wa Uganda hukutana na maneno haya katika diwani na vitabu vya fasihi kabla hajakutana nayo katika maisha, na huenda asikutane nayo kamwe. Yakishamkaa kichwani huyaona kuwa ndiyo maneno ya kishairi, na yale ya nyumbani kwake kuwa ya sokoni. Shairi lilelile likitungwa na kijana wa Lamu ambaye baba yake ni nahodha, lingekuwa shairi lingine kabisa. Neno kusi lingemletea woga wa kweli, bei ya samaki, na mama anayetazama upande wa bahari. Kwa mtunzi wetu lilileta jalada la kitabu.

Hatusemi kwamba maneno ya pwani yasivuke kuja bara. Mengine yanavuka vizuri. Kipupwe, yaani majira ya baridi ya katikati ya mwaka, linamfaa sana mtu wa Kabale, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi ya Julai mtu huogopa kunawa uso. Masika nayo yanakaribiana na mvua zetu za Machi hadi Mei katika maeneo yanayozunguka Ziwa Nyanza. Lakini neno vuli, kwa maana ya mvua ndogo, halikai sawa kwa mkulima ambaye mvua zake za Septemba hadi Novemba ndizo tegemeo la mavuno ya pili. Tena Karamoja, ambako msimu wa mvua ni mmoja tu na kiangazi ni kirefu, mgawanyo wote wa pwani unaporomoka. Mwalimu anayefundisha majira manne ya pwani kana kwamba ndiyo majira ya dunia nzima anamfundisha mwanafunzi asitazame nje ya dirisha.

Theluji ya kweli

Baadhi ya mashairi yalitaja theluji. Tulipoyaona tulicheka na kuyapangusa yote kwa mkono mmoja, maana tulijua theluji ile imetoka wapi. Imetoka katika mifano ya haiku iliyotafsiriwa, ambamo theluji hudondoka katika kila ukurasa wa pili. Theluji ikidondoka juu ya barabara ya Kampala ni uongo mtupu.

Hata hivyo kulikuwa na hili:

Wingu lapita
theluji ile kule
nafua nguo

Mtunzi wake ametoka Kasese. Kutoka Kasese, wingu likiondoka asubuhi, milima ya Rwenzori huonekana na barafu yake, na kilele cha Margherita hufikia mita 5,109. Chini pale ni joto. Mtu amechuchumaa mbele ya beseni la nguo, ameinua kichwa mara moja, na theluji iko mbele yake kabla wingu jingine halijaja. Hakuna kitu kilichoazimwa Japani hapa. Maneno ile kule, ambayo mwanzoni tuliyaona kuwa ya kujazia mizani, ndiyo yanayolibeba shairi. Ni maneno ya mtu anayenyoosha mkono wenye povu la sabuni kumwonyesha mwenzake. Aidha, yana huzuni ambayo mtunzi hakuitaja. Mtawala wa Abruzzi, Mwitalia aliyevipanda vilele hivyo mwaka 1906, alikuta barafu nyingi kuliko iliyopo sasa, na wazee wa Kasese wanajua kwamba weupe ule umekuwa ukipungua.

Neno moja, theluji, lilikuwa uongo katika mashairi mengine na kweli katika hili. Kwa sababu hiyo hatuwezi kuwapa wanafunzi orodha ya maneno yanayoruhusiwa na yanayokatazwa. Inatupasa kumwuliza kila mtunzi: ulisimama wapi?

Fundisho katika mshororo wa tatu

Kosa lililoenea zaidi lilikuwa jingine. Tazama:

Jua lazama
ndege warudi kwao
tupende kwetu

Mishororo miwili ya kwanza ni ya mshairi. Wa tatu ni wa mhubiri. Mwanafunzi ameona jua na ndege, kisha akaogopa kwamba kuona tu hakutoshi, akatafuta wosia wa kufungia. Waama woga huu tuliupanda sisi wenyewe. Tangu shule ya msingi tunauliza swali moja baada ya kila shairi: mshairi anatufundisha nini? Ushairi wetu una jadi adhimu ya wosia, na Shaaban Robert ni shahidi wa kutosha. Tarbia ina nafasi ya kutoa hoja, kuifafanua na kuifunga kwa kituo. Haiku haina nafasi hiyo. Ukiingiza wosia katika mizani 5 za mwisho, unabaki na picha isiyokamilika na mawaidha yasiyokamilika.

Tulimwomba mtunzi akumbuke jioni ile. Alikuwa wapi? Alisema alikuwa kwenye kituo cha teksi akisubiri gari la kurudi bwenini. Nini kingine kilikuwapo? Konda alikuwa bado anaita abiria. Akaandika upya:

Jua lazama
ndege warudi kwao
konda aita

Shairi limesimama. Ndege wamekwenda kulala, na huyu bado yuko barabarani, sauti imemkauka, gari halijajaa. Kama kuna mtu anayetaka fundisho, fundisho limo, tena ni zito kuliko lile la kwanza, kwa sababu sasa kuna mtu ambaye hajarudi kwao. Mtunzi hakulisema. Amemwachia msomaji.

Hapa ndipo mkato wa haiku unapokutana na elimu ambayo wanafunzi wetu wanayo tayari. Aliyejifunza tarbia anajua ukwapi na utao, na anajua kutua baada ya mizani ya nane. Katika tarbia pale pa kutua hufungwa na kina, na sikio huvuka bila shida. Katika haiku hakuna kina cha kumvusha msomaji, inambidi aruke mwenyewe. Mwalimu anayeanza na mshororo wa tarbia na kuonyesha pale unapotua ataeleweka upesi kuliko anayeanza na istilahi za Kijapani.

Kosa letu la kwanza: senene

Sasa tufike kwenye yale yanayotuhusu sisi tuliosahihisha. Shairi hili lilipata alama za chini:

Bati na taa
senene waanguka
mtoto macho

Kando yake tuliandika kwa wino mwekundu: “Fundisho liko wapi? Msamiati si wa kishairi.” Tuliandika maneno hayo ilhali tunafahamu kwamba Issa alitunga kuhusu viroboto, na ilhali tulikuwa tumewakataza wanafunzi wengine fundisho. Nzi wa Japani tulimwona fasihi, senene wa Masaka tukamwona kitoweo.

Wiki chache baadaye, mwezi wa Novemba, tulikuwa tukirudi usiku kutoka Masaka. Wasomaji wa upande ule hawahitaji kuelezwa. Mabati yamesimamishwa kwenye mapipa, taa kali zinawaka juu, senene wanavutwa na mwanga, wanagonga bati na kuteleza hadi ndani ya pipa. Gari lilisimama, na kando ya barabara tukamwona mtoto amejifunika blanketi, ameketi kwenye jerikeni, hajalala. Hapo ndipo mshororo wa tatu ulipotujia. Mtoto macho: yu macho, hajasinzia. Na pia: mtoto huyu mzima amegeuka kuwa macho, maana usiku ule hana kazi nyingine ila kutazama. Kitenzi kimeachwa, na maana mbili zimekaa ndani ya neno moja. Sisi tulikuwa tumeisoma kama sentensi iliyokosewa.

Neno senene nalo ni neno la majira kamili. Waganda wameuita mwezi wa Novemba Museenene kwa sababu ya mdudu huyu. Machi wameuita Mugulansigo, mwezi wa kununua mbegu. Januari ni Gatonnya, mwezi ambao ndizi mbivu hudondoka zenyewe. Hii ndiyo kalenda ya maneno ya majira ambayo Wajapani wameitungia vitabu, nasi tunayo midomoni mwa bibi zetu. Senene hawako Uganda peke yake. Bukoba, upande wa Tanzania, nako huliwa na kuzawadiwa, na jina ni hilohilo. Kwa hiyo neno halikuhitaji ruhusa yetu ili kuingia katika Kiswahili. Lilikuwamo.

Tulimwita mtunzi, tukamrekebishia alama. Alishukuru kwa adabu. Hatuna hakika kama alishangaa.

Kosa letu la pili: mbuzi na ng'ombe

Kosa la pili ni baya zaidi, kwa sababu tulilifanya kwa kujiamini. Mwanafunzi anayetoka Karamoja alileta rasimu ambayo mshororo wake wa kati ulisema mbuzi wanusa mchanga. Tukahesabu: mbu-zi-wa-nu-sa-m-cha-nga. Mizani 8. Tukamwambia apunguze moja. Alirudi siku ya pili na shairi hili, ambalo ndilo lililobandikwa:

Mto mkavu
ng'ombe wanusa mawe
mwezi mpana

Tuliridhika. Mizani 17 kamili, na mwezi ule mpana juu ya mto usio na maji ulitupendeza. Lakini siku tulipokuwa tukiyabandua mashairi, mwanafunzi alikuja kusaidia, akasema polepole, “Mwalimu, mimi sijawahi kumwona ng'ombe akinusa mawe. Niliona mbuzi, na ulikuwa mchanga. Mbuzi walikuwa wananusa pale watu walipochimba maji jana yake.”

Tulinyamaza. Katika maeneo makavu watu huchimba mchanga wa mto uliokauka ili kupata maji yaliyobaki chini. Mbuzi wanaonusa mchanga wana sababu. Ng'ombe wanaonusa mawe hawana. Tulikuwa tumebadilishana maji na hesabu. Bashō mwenyewe ana tungo zinazozidi mizani 17, na hakuna Mjapani aliyemnyang'anya ushairi wake. Tuliozidi ukali kuliko bwana mwenyewe ni sisi.

Je, tuache kuhesabu? La. Kuhesabu kunamlazimisha mtunzi achague, na mashairi karibu yote yaliyofaulu yaliboreka kwa kuhesabiwa. Msimamo wetu ni huu: mizani ipunguze maneno, isibadilishe yaliyoonekana. Mtunzi akifika mahali ambapo njia pekee ya kupata mizani 7 ni kusema jambo ambalo halikuwapo, abaki na 8, na mwalimu aweke chini kalamu nyekundu.

Je, ni mashairi?

Turudi kwa mwenzetu aliyeuliza mashairi yako wapi. Swali lake lina historia ndefu. Kaluta Amri Abedi alitupatia kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi (1974), na wanamapokeo na wanamabadiliko wakapambana kwa maneno makali kuhusu vina na mizani. Hatukusudii kuufufua ugomvi huo. Tunasema tu kwamba haiku haikai vizuri katika kambi yoyote kati ya hizo mbili. Wanamapokeo wataikuta ina hesabu kali. Wanamabadiliko wataikuta haina vina. Tena ufupi si jambo geni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, ana tungo nyingi za ubeti mmoja au beti chache tu, zilizozaliwa na tukio la siku hiyo mjini. Vitendawili vyetu navyo hutoa picha moja na kunyamaza.

Lakini tunakubaliana na mwenzetu katika jambo moja. Mwanafunzi asitoke kwetu akijua haiku bila kuijua tarbia. Umbo hili lifundishwe baada ya arudhi, si badala yake. Aliyezoea kuujaza ubeti wa mizani 64 ndiye atakayeona ni kitu gani anakiacha anapobaki na 17.

Rai kwa walimu na wanafunzi

Kuna jambo kubwa zaidi nyuma ya zoezi hili dogo. Nchini Uganda Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Hayo ni mambo ya serikali, nasi tunayafurahia. Hata hivyo kwa watu wengi nchini Kiswahili kimekuwa kwa muda mrefu lugha ya kambi, ya barabara na ya soko, na sasa kinaelekea kuwa lugha ya mtihani. Mtu anaweza kufaulu mtihani wa Kiswahili bila kuwahi kukitumia kutaja ukungu wa kijijini kwake. Shairi la mizani 17 ni mahali padogo pa kuanzia. Lakini mwanafunzi aliyeandika theluji ile kule alitaja kwa Kiswahili kitu ambacho hakikuwamo katika diwani yoyote tuliyomsomesha.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi aweke daftari la majira. Aandike neno la Kiswahili kwa kitu alichokiona, tarehe na mahali: kumbikumbi wa kwanza baada ya mvua, maembe yanapoanza kuuzwa kwa lundo, moshi wa nyasi zinazochomwa, kaloli juu ya paa. Pale ambapo neno la Kiswahili halijulikani, aandike neno la nyumbani, kisha tulitafute pamoja. Siku hizi wakulima wanalalamika kwamba mvua haziji kwa miadi, na daftari kama hilo litakuwa na faida hata nje ya ushairi.

Pili, kabla ya kutunga, mwanafunzi ajibu kwa mdomo maswali mawili: ulisimama wapi, na nini kingine kilikuwapo? Swali la fundisho lisubiri.

Tatu, sisi walimu tutunge pia, na tungo zetu zibandikwe ubaoni bila majina. Tumeanza, na matokeo yametufundisha unyenyekevu.

Ratiba ya mitihani itaondolewa ubaoni mwishoni mwa mwezi. Mahali pake tutabandika upya mashairi manne, nusu yake yakiwa yamesahihishwa na watunzi wenyewe na nusu yakiwa yamesahihishwa alama tu. Lile la Karamoja litasomeka hivi, mizani 18, kama lilivyoandikwa siku ya kwanza:

Mto mkavu
mbuzi wanusa mchanga
mwezi mpana